Msumari wa Namba Kumi na Saba

Nyumba ya Makumbusho ya Umeme,
Mgodini, Mpanda
14 Aprili 1958

Shemeji Hilaria,

Kama barua hii imekukuta umelala chini ya mzinga na asali inakudondokea mdomoni, amka ukae vizuri, maana anayebisha hodi ni mtani wako. Nasikia huko Ugalla mvua zimewanyeshea mpaka nyuki wamejenga ndani ya viatu. Sisi Wafipa tuko wazima, tunakula ugali kama watu wenye akili, tofauti na nyie Wakonongo.

Sasa sikiliza jambo la maana. Hapa mgodini zimeletwa mashine mpya za umeme, zimejengewa nyumba yao upande wa pili wa reli. Ile nyumba ya mashine ya zamani, unayoijua, imepakwa chokaa nje na ndani. Bwana Mhandisi amesema itakuwa nyumba ya makumbusho. Maana yake ni nyumba ya kuwekea vitu ili watu wavitazame bure, wajue umeme unatoka wapi na kabla yake tulikuwa tunamulika na nini. Mtunzaji wake ni mimi. Funguo ziko kiunoni mwangu, naona hata kutembea nimebadilika.

Ipo mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Ukiizungusha, globu inawaka. Wazee waliokuja kujaribu wiki iliyopita waligombania zamu, mmoja akaizungusha mpaka shati likamlowa, hataki kumwachia mwenzake. Tarehe 4 Oktoba Bwana Mkuu wa Wilaya atakuja kufungua.

Naomba vitu vitatu. Kwanza, ile taa ya udongo ya mafuta ya nyonyo niliyoiona kwako. Pili, mishumaa ya nta mnayotengeneza wenyewe. Cha tatu sikukitaka mimi, amekitaka Bwana Mhandisi. Anataka picha ya marehemu mumeo Venansi, kwa sababu ukuta mmoja utakuwa wa mafundi waliovuta nyaya za kwanza. Nilimwambia labda picha haipo. Kama haipo, niandikie tu kwamba haipo, wala usihangaike kutafuta.

Mtani wako mtu wa radi,
Krispini Kapele


Stesheni ya Mto Ugalla
4 Mei 1958

Mtani wangu Krispini,

Ama kweli nyie Wafipa hamna haya. Zamani mlikuwa mnatuma radi bure kwa majirani, leo mmeifungia ndani ya nyumba na kuipaka chokaa ili watu waje kuishangaa. Na wewe umepewa funguo! Mwambie huyo Bwana wako ahesabu globu zake kila jioni.

Barua yako nimeipokea kwa mkono wa mkuu wa stesheni, nikaisomea pale pale juu ya gunia la chumvi, nikacheka peke yangu mpaka akaniuliza kama nimepata mchumba. Nimemwambia ni mtani, akaelewa.

Vitu vyako nimempa Eustace, mlina asali, anayekuja Mpanda na gari la moshi la Alhamisi. Taa ilikuwa ya bibi yangu. Ikivunjika utafinyanga nyingine kwa mikono yako, nami nitakaa kwenye kiti nikikutazama. Mishumaa iko kumi na miwili, usiitafune, siyo asali.

Picha ipo. Ipo moja tu. Ilipigwa Tabora mwaka wa hamsini na moja, ameshika baiskeli ambayo haikuwa yake. Nimeifunga ndani ya kitambaa nilichokishona mwenyewe. Mimi nina mtoto gani wa kumwonyesha sura yake? Mungu hakutujalia. Basi acha watoto wa watu wengine waione, waseme huyu ndiye alipanda nguzo za kwanza Mpanda. Niandikie maneno yatakayowekwa chini yake, nataka kuyajua kabla hayajabandikwa.

Nimekaa nikakumbuka ile kofia yako. Unakumbuka? Venansi alivyokunyang'anya siku ya Pasaka mlangoni mwa kanisa, akakaa nayo wiki nzima mpaka ulipoikomboa kwa jogoo? Desturi ni desturi, kitu cha mtani kikikaa vibaya ni halali yako, na mwenyewe atakikomboa kwa bei utakayotaja. Jogoo yule alikuwa mgumu kama mwenye naye. Tulimla siku mbili.

Na sijasahau siku ya kumzika. Watu wote walikuwa wananililia, mimi mwenyewe macho yamekauka, sioni wala sisikii. Wewe ukaruka ndani ya kaburi, ukalala chali, ukasema hutoki mpaka upewe kuku na kibuyu cha pombe, maana Venansi hawezi kulala pahali pazuri vile ambapo Mfipa hajapajaribu. Nikacheka, Krispini. Siku ile mbaya kuliko zote, wewe ndiye uliyenipa pumzi. Ulifanya kazi ya mtani, nami hilo nitakwenda nalo kaburini kwangu.

Mtani wako, mla asali,
Hilaria


Mpanda
9 Juni 1958

Shemeji Hilaria,

Vitu vyote vimefika salama. Taa yako nimeiweka kwenye meza ya kwanza kabisa, mtu akiingia ndiyo anayoanza nayo. Baada yake inafuata mishumaa, halafu karabai, halafu dainamo ya baiskeli, halafu ile mashine kubwa ya zamani tuliyoisugua kutu mwezi mzima. Picha nayo iko ukutani, ndani ya kioo.

Umeniuliza maneno. Ningependa nikufiche lakini utakuja kuyaona. Bwana Mhandisi anataka ukuta ule ufundishe hatari za umeme. Ameandika mwenyewe, karani akatafsiri hivi: "Venansi Kaswende, fundi wa nyaya. Tarehe 18 Agosti 1953 alipanda nguzo bila kutundika kibati chake. Swichi ikawashwa. Alikufa. Usisahau kibati."

Nikueleze kibati ni nini. Kila fundi alikuwa na kibati chake cha shaba chenye namba. Cha Venansi kilikuwa kumi na saba. Anapokwenda kufanya kazi kwenye nyaya, anazima swichi ya njia ile, anatundika kibati kwenye msumari ulio juu yake, ndipo anakwenda kupanda. Kibati kikining'inia pale, hakuna mtu wa kuwasha swichi, hata Bwana mwenyewe. Anayekitoa ni mwenye nacho akisharudi chini. Siku ile Gaudensi, mtu wa swichi, aliingia zamu saa nne, akatazama misumari, wa kumi na saba akaukuta mtupu, akawasha. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye uchunguzi. Msumari wenyewe upo bado, tumeuacha ukutani ili watu wauone.

Nitajaribu kumwomba Bwana apunguze ukali wa maneno. Kazi ni nyingi, wageni wengine wanaletwa kabla hata ya ufunguzi, nami ndiye ninayewaeleza kila kitu, pamoja na habari ya msumari. Nawaeleza kila siku. Nimekonda kidogo, lakini ni jua tu.

Wako,
Krispini


Stesheni ya Mto Ugalla
2 Julai 1958

Krispini,

Maneno hayo siyataki. Nimeyasoma mara tatu, nikayakunja, nikayasoma tena. Unaniambia mume wangu wamemweka ukutani ili watoto wa shule wafundishwe uzembe wake?

Wewe umelala nyumba moja na Venansi miaka miwili kabla hajanioa. Ulimwona. Huyu ni mtu aliyekuwa akipandisha mzinga juu ya mti anafunga kamba mara mbili, halafu anashuka, halafu anapanda tena kuishika ile kamba kwa mkono wake. Mimi nilikuwa namcheka. Nilikuwa namwambia, wewe utazeeka kwenye mti mmoja. Huyo ndiye asahau kibati?

Sasa nakuuliza jambo ambalo nimekaa nalo miaka mitano na sikuwa na mtu wa kumwuliza. Vitu vyake nililetewa vyote ndani ya mfuko mmoja: mkanda, rozari, kisu, tumbaku iliyobaki nusu. Kibati hakikuwemo. Kama hakukitundika, si kingekuwa mfukoni mwake? Kilikwenda wapi?

Mimi namjua aliyekitoa. Ni Gaudensi. Aliwasha swichi bila kutazama, akaona ameua, akakitupa. Kila Agosti anakuja hapa kutoka kwao Kibaoni, anashuka kwenye gari la moshi na mfuko wa mchele kichwani, anapiga magoti uani kwangu, anasema neno moja tu: "Mama, msumari ulikuwa mtupu." Miaka minne sijamfungulia mlango. Mchele nawamwagia kuku mbele ya macho yake. Majirani wamemzoea, wanamwita mwuaji wa Agosti. Kwao nako, nasikia, mkewe amemwacha, watu hawataki kulima naye.

Wewe uko kwenye nyumba ile ile na funguo ziko kiunoni. Nitafutie kibati. Tazama chini ya mashine, tazama kwenye mifereji, kwenye masanduku ya stoo. Ukikipata, neno la Gaudensi limekwisha na ukuta wenu utafutwa. Nani mwingine nimtume kama siyo wewe?

Hilaria


Mpanda
28 Julai 1958

Kwako Mama,

Nimetafuta, sikupata kitu. Ni miaka mingi na takataka za zamani zilichomwa. Nadhani ni heri tuyaache mambo haya, marehemu apumzike.

Kuhusu ufunguzi, nakushauri usije. Watu watakuwa wengi mno, na joto la Oktoba unalijua. Mimi nitakuandikia habari zote.

Pamoja na barua hii nakuletea doti ya kanga. Ni zawadi tu, haina sababu.

Wako mtiifu,
Krispini Kapele, Mtunzaji


Stesheni ya Mto Ugalla
3 Septemba 1958

Krispini,

Kanga zako amekuja nazo Eustace, na anarudi nazo hivyo hivyo zilivyokunjwa. Tangu lini mtani akampa mtani kanga bila tusi hata moja ndani yake?

Barua ya kwanza ulinikuta nimelala chini ya mzinga. Ya pili hukunikuta popote. Ya tatu umeniita Mama kama karani wa boma anayetaka kodi. Mimi nilikutukana mwezi wa tano, nikasubiri unitukane, mpaka leo nasubiri. Mtani anayeacha utani ana msiba au ana jambo. Msiba ningeusikia. Na hili jambo lako, unaniogopa mimi au unamwogopa Bwana wako?

Najibu mwenyewe: unamwogopa Bwana wako. Unajua Gaudensi alikitoa kile kibati, na umeambiwa ufunge mdomo ili uchunguzi wao usionekane wa uongo. Sawa, wewe una kazi ya kulinda. Mimi sina.

Gaudensi alikuja tena mwezi uliopita. Safari hii nilimfungulia mlango. Nikamwambia, tarehe 4 Oktoba nitakuwa Mpanda, nitasimama mbele ya Bwana Mkuu wa Wilaya na padri na watu wote, nitakutaja kwa jina lako na la baba yako kwamba ulimwua mume wangu na ukamsingizia uzembe. Nilidhani atalia. Hakulia. Aliniambia, "Nitakuja, Mama. Na nitasema lile lile." Akauweka mchele chini akaondoka. Amezeeka, meno ya mbele hana.

Basi tutaonana tarehe nne. Niwekee kiti karibu na msumari.

Hilaria binti Mlela, mke wa Venansi Kaswende


Mpanda
16 Septemba 1958

Hilaria,

Usimtaje Gaudensi. Nakuomba kwa jina la yule tuliyemzika, usimtaje. Kibati nilikitoa mimi.

Kimo ndani ya bahasha hii. Kipapase, utaona tundu lake na namba. Sikukitupa. Miaka mitano kimekaa ndani ya mto ninaolalia, nimeushona na kuufumua nisijue mara ngapi.

Nitakueleza yote, na usinihurumie popote. Asubuhi ile Venansi alizima swichi mbele yangu, akatundika kibati, akakigusa kwa kidole kama ulivyosema alikuwa akiishika kamba ya mzinga, akanicheka kwamba nimejipaka grisi mpaka kwenye masikio. Akatoka na ngazi yake. Mimi nikabaki napaka mashine mafuta. Nikakitazama kile kibati kinang'aa pale, nikaikumbuka kofia yangu, nikamkumbuka jogoo. Nikasema moyoni, leo nimekupata, Mkonongo. Nikakitoa, nikakitia mfukoni. Bei nilikuwa nimeshaipanga: kopo kubwa la asali nyeupe ya kwenu. Niliwaza atarudi saa sita, atautazama msumari, atapiga kelele za kutafuta, nami nitakuwa nimekaa pale najifuta mikono kama mtu asiyejua kitu.

Sheria ya vibati niliijua. Nakuambia ukweli, niliijua kama sala ya Baba Yetu. Lakini mkono wangu haukuona kibati cha fundi, uliona kitu cha mtani kilichokaa vibaya. Na mtu wa zamu alikuwa amekwisha kukiona asubuhi, kwa hiyo nikajua hatawasha. Kilichonipita ni kwamba zamu inabadilika saa nne. Nilikwenda stoo kuchukua matambara. Nikiwa kule nikasikia mashine inabadilisha sauti, inalemewa. Nilikimbia, Hilaria. Kutoka stoo mpaka swichini ni hatua arobaini, nimezipima baadaye. Nilipofika Gaudensi ameshaondoa mkono wake, na nje watu wanapiga yowe.

Bwana aliita mtu mmoja mmoja. Gaudensi akasema msumari ulikuwa mtupu, na ni kweli, ulikuwa mtupu. Mimi nikaulizwa, je, asubuhi ulikiona kibati cha Venansi kimetundikwa? Kibati chenyewe kilikuwa pajani kwangu, nakisikia ndani ya kaptula. Nikajibu, "Sikukiona." Ni neno moja hilo. Nililisema kwa woga, nikidhani kesho nitalirudisha. Kesho yake tukapanda gari la moshi na jeneza.

Halafu kaburi. Uliniandikia kwamba nilikupa pumzi. Nilipolala mle chini kibati kilikuwa kinanichoma pajani. Nilipiga utani kwa sauti kubwa kwa sababu nilijua nikinyamaza kidogo tu nitasema. Ulipocheka, nikajua siwezi tena kusema. Tangu siku ile nimeishi kwa kicheko chako kama mwizi anayeishi kwa mali ya wizi.

Na hapa nikapewa funguo, kwa kuwa Bwana ananiona mtu wa kuaminika. Nimesimama mbele ya msumari ule nikiwaambia wageni kwamba Venansi alisahau. Shule nne nimewaambia. Watoto huuliza, "Kwa nini alisahau?" Nami najibu.

Habari ya Gaudensi kuja kwako na mchele sikuijua mpaka uliponiandikia. Barua ile iliniua. Nami badala ya kusema nikakununulia kanga.

Sasa kibati ni chako, na mimi ni wako. Ukisema niende boma leo, nakwenda leo.

Krispini


Stesheni ya Mto Ugalla
25 Septemba 1958

Krispini Kapele,

Barua yako ilifika Ijumaa. Leo ndiyo nimeweza kushika kalamu.

Kibati nimekipokea. Nimekitundika nyumbani, pale ilipokuwa kofia yake. Nilikaa nacho kwanza mkononi mpaka kikapata joto. Nimemwambia Venansi aliyoyafanya mtani wake. Nimemwambia pia kwamba nilicheka.

Hasira yangu siiandiki, karatasi haitoshi. Lakini sisi siyo watu wa kuvunja desturi. Kitu cha mume wangu ulikichukua kwa utani, na bei uliitaja mwenyewe. Eustace anakuletea kopo kubwa la asali nyeupe, ya mizinga yake Venansi, ile iliyofungwa kamba mara mbili. Nimelijaza mpaka juu. Nimekomboa kibati cha mume wangu. Huwezi kuikataa asali hiyo, wala kuigawa, wala kuimwaga. Utaila.

Na ukishaipokea, utani wetu umekwisha. Sitakutukana tena wala hutanitukana. Siku nikifa usije kuruka ndani ya kaburi langu. Ukiniandikia, niite Mama Kaswende.

Tarehe nne sitakuja. Nina mtu wa kumwomba msamaha kabla sijamwangalia mtu mwingine yeyote, na mchele wake safari hii nimeupika na kuula. Lakini utaanza wewe. Nenda Kibaoni kwa miguu yako, usipande lori. Mwambie Gaudensi kwa mdomo wako, kama ulivyoniandikia mimi. Mimi nitamfuata baadaye, akitaka kuniona.

Ukutani utaandika hivi, usizidishe wala usipunguze: "Venansi Kaswende alitundika kibati chake kwenye msumari huu. Mtu alikitoa. Gaudensi aliukuta mtupu." Jina la huyo mtu uandike au usiandike, hilo ni lako na Mungu wako.

Hilaria, mke wa Venansi Kaswende


Kibaoni, Mpimbwe
2 Novemba 1958

Mama Kaswende,

Nimeandika jina langu. Maneno yako ni yale yale, chini yake nimeweka: "Aliyekitoa ni Krispini Kapele, mpakaji wa mafuta ya mashine." Bwana Mhandisi nilimwambia siku tatu kabla ya ufunguzi. Akasema nyumba ya makumbusho siyo mahakama, nilifute jina. Nilimwomba aliache, na kwa kweli ameliacha. Funguo nimerudisha. Boma wameandika maelezo yangu, nimewaachia anwani ya hapa, wakiniita nitakwenda.

Tarehe nne niliingia kwenye mstari na watu wengine. Walizungusha ile mashine ya mkono, wakacheka globu ilipowaka. Wakaishangaa taa ya bibi yako. Walipofika kwenye msumari, mtunzaji mpya alikuwa hajayazoea maneno, nikawasomea mimi. Mama mmoja akaniuliza huyo Krispini yuko wapi sasa. Nikamwambia ndiye mimi. Alimvuta mwanawe akamweka upande wake wa pili.

Huku nimekuja kwa miguu, siku nne. Gaudensi nilimkuta anasafisha majaruba yake ya mpunga kabla ya mvua. Nilimwambia nikiwa nimesimama, hakunikaribisha kukaa. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo niliuona vizuri?"

Nikamwambia uliuona vizuri, ulikuwa mtupu. Akakaa chini kwenye tuta la jaruba, akajifunika uso kwa mikono yenye matope. Mama, miaka mitano alikuwa haamini macho yake mwenyewe. Alifikiri labda kibati kilikuwepo na yeye hakukiona, na kuja kwako kila Agosti alikuwa anakuja kujisikia anasema, apate kuamini. Aliniambia niondoke. Niliondoka nikalala stesheni ya malori, asubuhi nikarudi na jembe nililoazima, nikaanza jaruba la mwisho, mbali naye. Hajanifukuza. Anakusubiri wewe, aliwaambia majirani wasafishe njia ya nyumbani kwake.

Asali nimeila. Nilikuwa naila kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, peke yangu, kama ulivyoagiza. Ni tamu. Hilo ndilo sikuwa nimejiandaa nalo, nilidhani itakuwa chungu kinywani mwangu, lakini ni tamu vile vile kama alivyokuwa akiniletea mwenyewe. Jana imekwisha.

Kopo nalituma Mpanda kwa lori, Eustace atakurudishia. Nimeliosha kwa mchanga na maji moto. Najua chombo cha watu hakirudishwi kitupu, nimekaa nalo tangu asubuhi natafuta cha kutia ndani yake. Sikupata.

Krispini Kapele